Kupanga ufunguzi wa filamu fupi: anza na picha yake ya mwisho

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam kutengeneza filamu fupi za kumalizia masomo, na mara nyingi mswada hunifikia ukiwa umeshapewa jina, umeshapata waigizaji na wakati mwingine umeshatangazwa mitandaoni. Ninapofungua ukurasa wa kwanza huwa ninajua kwa kiasi kikubwa nitakachokikuta: simu inalia alfajiri, kijana anaamka, anapiga mswaki, anavaa, anatoka nje, na wakati wote huo sauti yake mwenyewe inatueleza kwamba baba alifariki, mama anaumwa na maisha ni magumu. Wenye uwezo zaidi huongeza droni inayopita juu ya Daraja la Tanzanite, hata kama hadithi yenyewe haina uhusiano wowote na daraja hilo wala na watu wanaoishi karibu nalo.

Sababu ya jambo hili inaeleweka. Mwandishi anapoanza kuandika bado anamtafuta mhusika wake, na njia iliyo rahisi ya kumtafuta ni kumfuata tangu anapoamka. Kazi hiyo ni halali, ila mahali pake ni kwenye rasimu. Filamu ya dakika 90 inaweza kumudu dakika mbili za kumzoea mtu kabla hajafanya lolote. Katika filamu ya dakika 12, dakika hizo mbili ni sehemu moja ya sita ya kazi yote, nazo zimetumika kwa mambo ambayo mtazamaji angeyafahamu kwa kuona shati la mhusika na namna anavyoitikia salamu.

Ushauri ninaoutoa kabla ya mwingine wowote ni kwamba ufunguzi upangwe kutokea mwisho wake. Ninaposema ufunguzi ninamaanisha kipande kinachoanza na fremu ya kwanza na kuishia pale mtazamaji anapokuwa ameshajua anamfuata mhusika gani na anahofia jambo gani litampata. Kwa filamu ya dakika 10 hadi 15 mimi hupenda kipande hicho kisizidi dakika moja na nusu. Ukishaijua picha inayokifunga, utajua ni vitu gani lazima viwe vimeonekana kabla yake, na vingine vyote utaviacha bila majuto makubwa.

Nitoe mfano wa kundi moja nililolisimamia. Hadithi yao ilimhusu kijana wa Manzese anayetumwa na mama yake kupeleka cherehani cha marehemu baba yake kwa mnunuzi wa Kariakoo, ili ipatikane ada ya mdogo wake. Niliwauliza ni wakati gani ambapo siku ya kijana huyu haiwezi tena kurudi kuwa siku ya kawaida. Mmoja akasema ni baba alipofariki, mwingine akasema ni mama alipokubali bei. Msichana aliyekuwa ameteuliwa kuhariri akasema ni pale kijana anapofika Barabara ya Morogoro na guta lake la kubebea mizigo, na badala ya kukata kuelekea Magomeni na mjini, anakata kuelekea Ubungo. Mjadala uliishia hapo, kwa sababu kila aliyekuwa chumbani alitaka kujua anakwenda wapi na cherehani hicho.

Basi picha ya mwisho ya ufunguzi ikawa ni guta linalogeuka upande usio wake. Swali lililofuata likawa: mtazamaji anapaswa kujua nini ili mgeuko huo umguse? Anapaswa kujua kwamba mzigo ule una thamani kwa watu hawa kuliko bei yake. Anapaswa kujua kwamba kuna mtu anayeamini utafika mahali fulani. Na anapaswa kujua mahali hapo pako upande gani, maana anayeitazama filamu hiyo Mombasa au Kigoma hana habari kwamba Kariakoo iko upande wa Magomeni.

Hitaji la kwanza lilitatuliwa kwa kitendo kidogo ambacho bado ninakipenda. Kabla kijana hajafunga cherehani kwa mpira juu ya guta, mama anafungua kifuniko kidogo cha chini, anatoa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi, ikiwa bado ina uzi wa buluu, uzi wa sare za shule, na kuifunga kwenye pindo la khanga yake. Hasemi neno. Mnunuzi atapata cherehani kisicho na bobini, na hilo mama analijua. Katika rasimu ya awali mambo haya yalikuwa yameelezwa kwa sentensi saba za sauti ya msimulizi, na hakuna hata moja iliyokuwa na nguvu ya kidole kinachokaza fundo la khanga. Baba hakuhitaji kutajwa katika dakika hiyo. Jina lake linaweza kungoja hadi sini (onyesho) ya tatu, na likifika litamkuta mtazamaji akiwa tayari anamjua kwa kiasi fulani.

Suala la upande lilidai kazi zaidi, na hapa ndipo wanafunzi wengi huharibikiwa bila kujua kilichowaponza. Mama anasimama kwenye ukingo wa kichochoro na kumwonyesha mwanawe njia kwa mkono. Ikiwa katika shoti hiyo, yaani kipande hicho kimoja cha picha kisichokatwa, mkono wake umeelekea kulia mwa fremu, kulia kunakuwa ndiyo Kariakoo kwa mtazamaji, na kijana anapokuja kugeuka kuelekea kushoto, kosa lake linaonekana bila maelezo. Lakini mpiga picha akivuka kwenda ng'ambo ya barabara ili apate mandhari nzuri zaidi, kulia na kushoto hubadilishana: kijana anayekwenda Ubungo ataonekana kwenye skrini akielekea kule kule alikoonyeshwa na mama. Hapo usaliti unageuka kuwa utii, na filamu nzima inakosa sababu. Dawa yake ni ya karatasi. Chora eneo kana kwamba unalitazama kutoka juu, piga mstari mmoja unaofuata mwelekeo wa safari, kisha weka alama za kamera zote za ufunguzi upande mmoja wa mstari huo. Mchoro huo uwe mkononi mwa mwongozaji na mpiga picha siku ya kurekodi, kwani eneo lina ushawishi wake, na ukiwa pale jua likiwaka upande wa pili utashawishika kuhama.

Baada ya mchoro ndipo orodha ya shoti iandikwe. Orodha ya kundi hili ilifikia shoti sita, nami niliwaomba waiandike kwa safu mbili, yaani picha upande mmoja na sauti upande wa pili, huku safu ya sauti ikijazwa kwanza. Matokeo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Filamu ilianza kwa skrini nyeusi na mlio wa cherehani cha miguu kikishona, ukaongeza kasi, ukakatika katikati ya mshono. Ndipo picha ikaingia na kutuonyesha sindano iliyoinuliwa na mama akipangusa meza kwa kitambaa. Mtazamaji anaelewa kwamba chombo hiki kimetumika hadi dakika ya mwisho. Mlio huo ulirekodiwa peke yake, usiku, maiki ikiwa imewekwa karibu na meza lakini isiiguse, kwa kuwa mtetemo wa meza hupanda kwenye maiki na kuwa ngurumo.

Mitaa yetu ina sauti nyingi, na hakuna haja ya kuilalamikia kana kwamba imejitokeza siku ya kurekodi. Nenda kwenye eneo siku ile ile ya wiki na saa ile ile utakayorekodi, weka simu irekodi kwa robo saa, kisha usikilize ukiwa nyumbani. Utasikia bodaboda, muziki wa kinyozi, mabati yanayolia jua likipanda, na adhana. Kinyozi huzungumzika ukimwendea kwa heshima siku moja kabla. Adhana usiipiganie, simamisha kazi hadi imalizike, kwa sababu adhana inayosikika kwenye shoti moja na kutoweka ghafla kwenye inayofuata humwambia kila mtu kwamba umekata. Na kabla hamjaondoka, rekodini dakika moja ya utulivu wa mahali hapo, watu wote wakiwa wamenyamaza, maana mhariri ataihitaji kufunika mashimo ya sauti.

Ubao wa michoro, yaani michoro ya shoti zote ikiwa imepangwa kwa mfuatano, huwatisha wasiojua kuchora, na wengi huuacha kabisa. Piga picha kwa simu badala yake. Wapange wenzako katika nafasi za waigizaji, kwenye eneo lenyewe, ukiwa umesimama pale kamera itakaposimama. Ziunganishe picha hizo kwenye programu yoyote ya kuhariri iliyo kwenye simu, uweke sauti ulizokwisha kurekodi, na umwonyeshe mtu asiyeijua hadithi. Usimuulize kama amependa. Muulize kijana anakwenda wapi na mama anadhani anakwenda wapi. Zoezi hilo pia litakupa urefu wa kweli, kwani kanuni ya kwamba ukurasa mmoja wa mswada ni sawa na takribani dakika moja haiaminiki sana kwenye vitendo visivyo na maneno. Mistari minne ya mama, bobini na khanga inaweza kula sekunde 40, nazo ni sekunde zinazostahili.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana hukaa karibu na utosi na kuyageuza macho ya waigizaji kuwa mashimo meusi. Sini za nje zirekodiwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Machweo nayo yasikudanganye: huku kwetu jua huzama karibu wima, na mwanga unaobaki baada ya kuzama hudumu takribani dakika ishirini tu, muda ambao unatosha shoti moja au mbili na wala si ufunguzi mzima. Ndani ya nyumba yenye dirisha dogo, msogeze mwigizaji karibu na mlango na uache upande mmoja wa uso uingie kivulini kabla hujafikiria kukodi taa.

Kama kuna taa za tyubu kwenye eneo, kumbuka kwamba umeme wetu ni wa hezi 50, na taa hizo humetameta kwa kufuata mdundo wake. Simu na kamera nyingi huja zikiwa zimepangwa fremu 30 kwa sekunde, na kasi ya shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia kwa kila fremu) ya 1/60 ya sekunde huleta mistari inayotembea juu ya picha, ambayo haiondoki kwa urahisi kwenye uhariri. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, kisha ujaribu kabla waigizaji hawajafika.

Picha ya kwanza isiwe na giza mno. Nimetazama filamu fupi kwenye ukumbi wa wazi wa Ngome Kongwe, Zanzibar, wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, ambako watu huendelea kuingia na kutafuta viti filamu ikiwa imeshaanza, na pia nimetazama filamu hizo hizo kwenye simu ndani ya daladala. Kote huko, ufunguzi uliotegemea tofauti ndogo za vivuli ulipotea, ilhali ule uliotegemea umbo la mtu mlangoni na mlio unaotambulika ulibaki. Nembo za chuo, za kikundi na za aliyewaazima taa ziwekwe mwishoni pamoja na majina ya washiriki. Jina la filamu peke yake ndilo lenye haki ya kukaa mbele, na katika mfano wetu lilikaa mara tu baada ya guta kugeuka, kwa sekunde chache.

Vibali havina utamu wa kusimulia, lakini viwe kwenye mpango tangu mwanzo: Bodi ya Filamu Tanzania kwa ajili ya kurekodi, serikali ya mtaa kwa ajili ya amani yako, na mkitaka droni kuna idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa maoni yangu droni haihitajiki katika filamu ambayo siri yake imefungwa kwenye pindo la khanga.

Jambo la mwisho ni la ratiba. Ufunguzi usirekodiwe siku ya kwanza, hata kama ndio unaoanza kwenye mswada. Siku hiyo mwigizaji wa mama bado hajamzoea mwigizaji wa mwanawe, mshika bumu, ile fimbo ndefu ya maiki, bado anajifunza kukaa nje ya fremu, na mwongozaji bado anazungumza kwa sauti ya mtu anayeogopa kuchelewa. Uweke katikati ya ratiba, asubuhi, ukiwa kazi pekee ya siku hiyo hadi saa tatu. Kisha tenga nusu siku ya kurekodi baada ya mhariri kuunganisha rasimu ya kwanza, kwa sababu mara nyingi itagundulika kwamba shoti moja inakosekana, na mara nyingi ni shoti ya mkono. Hadi siku hiyo ipite, khanga ile isifuliwe, guta lisibadilishwe rangi na mwenye cherehani aombwe mapema kukubali kukiacha kwa wiki nyingine moja.