Ombi la kukutangaza mdai msumbufu: unavyoweza kujitetea

Pole ndugu. Umefungua kesi saba za shamba, tano umeshindwa, na sasa Mwanasheria Mkuu wa Kenya anaomba Mahakama Kuu ikutangaze mdai msumbufu, yaani mtu anayeshtaki ovyo mara kwa mara.

Sheria ya Kenya kuhusu wadai wasumbufu, Sura ya 41, inataka upewe kwanza nafasi ya kusikilizwa. Kwa hiyo usikae kimya: jibu kwa hati ya kiapo ndani ya muda uliopewa. Ukinyamaza, amri inaweza kutolewa bila neno lako.

Kushindwa peke yake hakutoshi. Ni lazima ionekane umezoea kushtaki, mara kwa mara, bila sababu ya msingi. Hapa ndipo kazi ilipo: chukua nakala ya kila hukumu, uandike nambari ya kesi, ulidai nini, na iliishaje. Zile mbili ulizoshinda zitangulie. Kesi iliyotupwa kwa kuchelewa si sawa na iliyoitwa matumizi mabaya ya mahakama, zitenganishe.

Tafadhali, usifungue kesi mpya sasa. Utawapa ushahidi.

Amri ikitoka, utahitaji ruhusa ya mahakama kabla ya kushtaki, ukionyesha hoja ya msingi. Muone wakili kabla ya kuapa. Kama huna pesa, jaribu Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria.