Projekta tatu kwa gemu la magari: tafuta kamba kabla ya projekta

Mkuu, wewe uliye Kigoma, umeuliza kama projekta zako tatu, mbili za pikseli 1280 kwa 800 na moja ya 1024 kwa 768, zinaweza kukupa skrini tatu za gemu la magari kwenye chumba cha mita 3.5 kwa 4. Chumba kinatosha. Projekta mbili zinafaa. Hiyo ya tatu iuze, nitakueleza kwa nini. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu mtambo wa namna hii ninao hapa Tabora, chumba cha nyuma, Isevya, mwaka wa tatu sasa, na makosa yangu yalinigharimu rangi, mbao na taa moja ya projekta.

Kosa kubwa kuliko yote: nilinunua projekta kwanza, halafu ndiyo nikaanza kutafuta kiti kikae wapi. Fanya kinyume. Kila kipimo cha mtambo huu kinaanzia kwenye jicho la dereva. Weka kiti mahali kitakapokaa siku zote, funga usukani, kaa kama unavyokaa ukiendesha, kisha mtu ashushe timazi kutoka usawa wa jicho lako hadi sakafuni na aweke alama ya chaki.

Sasa chukua kamba ya fundi ujenzi, ikate sentimita 150. Ncha moja ibane kwenye ile alama, nyingine ifunge chaki, chora nusu duara mbele ya kiti. Halafu kamba ileile, bila kuongeza wala kupunguza, ipime juu ya mchoro kwa kuinyoosha: anzia kushoto kabisa, ivute mpaka ikutane na mstari, weka alama, ivute tena, alama, ivute tena. Mara ya tatu utakuwa umefika kulia kabisa, hakubaki hata upana wa kidole. Hili nilionyeshwa na fundi seremala wangu, ndivyo anavyochora stuli za pembe sita. Nilikuwa nimehangaika na kikokotoo wiki nzima, yeye akamaliza kwa dakika tano akiwa amechuchumaa sakafuni.

Hizo alama nne ndizo kingo za skrini zako. Kila skrini ina upana wa sentimita 150, katikati yake iko sentimita 130 kutoka jichoni, na inajaza nyuzi 60 za macho yako. Tatu zinakupa nyuzi 180, bega hadi bega. Upana wote ni mita 3, kwa hiyo ukiziegemeza kwenye ukuta wako wa mita 3.5 unabaki na sentimita 25 kila upande.

Vipimo hivyo ndivyo gemu litakavyokudai. Mimi natumia Assetto Corsa, la mwaka 2014, kwa kuwa ukishalipakua unacheza na kompyuta bila intaneti. iRacing inataka uwe hewani muda wote, na mtandao wa kwetu unaujua. Yote mawili yana seting ya skrini tatu: unaandika upana wa skrini, umbali wa jicho na pembe ya skrini za pembeni, hapa nyuzi 60. Usiache gemu lichore picha moja ndefu likaivuta mpaka pembeni. Kamera moja ya picha bapa haiwezi kufika nyuzi 180, na kabla hata haijakaribia huko magari ya pembeni yanavutika kama unga wa chapati. Ukiwasha seting hiyo gemu linachora picha tatu, kila moja kwa pembe yake. Siku niliyoandika namba sahihi, nikiwa Monza, uwanja wa mbio wa Italia, naingia kona ya kwanza, niliona pua ya gari la jirani kwenye dirisha la kushoto nikamwachia nafasi bila kubonyeza kitu chochote. Kabla ya hapo ningemgonga.

Turudi kwenye projekta. Ili kompyuta iunganishe skrini tatu kuwa moja, kwa programu ya NVIDIA Surround au AMD Eyefinity, kwa kawaida zote zinatakiwa ziwe na ukubwa uleule wa picha na Hz zilezile (idadi ya picha kwa sekunde), na zichomekwe kwenye kadi moja ya grafiki. Ukichanganya na hiyo ya 1024 kwa 768, nyingine mbili kwa kawaida zitalazimika kushuka zifuate ndogo. Tafuta ya tatu iliyo pacha wa hizo mbili, modeli ileile. Tatu za 1280 kwa 800 zinakupa 3840 kwa 800, kama pikseli milioni 3.1, yaani mara moja na nusu ya skrini moja ya 1920 kwa 1080. Kadi ya daraja la kati inabeba. Angalia tu matundu ya nyuma ya kadi: mengi huwa DisplayPort, na utahitaji adapta za kwenda HDMI.

Unaponunua iliyotumika, omba video ikionyesha picha nyeusi tupu. Ya kwangu moja ilikuja na basi kutoka Dar ikiwa na vidoti vyeupe kama nyota. Ni dalili kwamba chipu ya vioo vidogo ndani ya projekta ya DLP inakufa, na vidoti huongezeka. Muuzaji hakupokea simu tena.

Pima pia umbali wa kurusha: gawa umbali wa lenzi hadi skrini kwa upana wa picha. Zile za madarasani zinazorusha karibu huwa kama 0.5, maana yake kwa sentimita 150 unaining'iniza sentimita 75 tu kutoka skrini, mbele ya kichwa chako, na kivuli hakipo. Ya kawaida yenye 1.5 inataka sentimita 225, iko nyuma ya kisogo. Kichwa chako kitaingia kwenye mwanga usipoipandisha juu sana.

Skrini zenyewe usitumie kitambaa. Nilianza na amerikani niliyoipigilia kwenye fremu za mbao. Mwanga ulipenya hadi ukutani na kila mkunjo ukaonekana kama bonde barabarani. Sasa nina bodi za jipsam, zile za mita 1.2 kwa 2.4, zimekatwa sentimita 150 kwa 94, zimepigwa skimu na msasa laini, na zinagusana kwenye kona bila fremu. Hapo ndipo projekta zinapoishinda TV: hakuna mstari mweusi kati ya kioo na kioo.

Rangi nilikosea tena. Nilipaka nyeupe safi. Skrini tatu zikitazamana hivyo, mwanga wa moja unadunda kwenye nyingine, na ukiendesha usiku anga nyeusi inageuka maziwa. Nikapaka upya kijivu chepesi kisichong'aa kabisa, na weusi ukarudi. Usiogope giza: projekta ya lumeni 3000 kwenye eneo la mita za mraba 1.4 ina mwanga wa kumwaga, hata mimi naziweka kwenye hali ya kubana umeme. Joto linapungua, na chini ya bati la Tabora mwezi wa Oktoba hilo si dogo.

Usiguse seting ya Keystone, ile ya kunyoosha picha iliyopinda. Inakunja picha kwa hesabu, inapunguza pikseli, na kwenye projekta zangu iliongeza ucheleweshaji. Nilipima kwa simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde, saa ya kompyuta ikionekana kwenye laptopu na kwenye projekta kwa pamoja. Kila fremu ni kama milisekunde 4. Nyoosha projekta kwa mkono, kwenye vyuma vyake, hata ikichukua jioni nzima.

Na umeme: taa iliyochemka ikizimika ghafla feni inasimama nayo, joto linabaki ndani. Ndivyo nilivyopoteza taa yangu. Weka UPS ya projekta peke yake, ikupe dakika chache za kuzizima kwa utaratibu zipoe.

Nijibu kitu kimoja kabla hujamwita fundi: mlango wa chumba chako uko ukuta gani? Kama unaangukia nyuma ya skrini ya kushoto kama wangu, bodi hiyo ifungwe kwa bawaba kwenye mwimo wa mbao, na chora alama sakafuni inaporudi, ili pembe ya nyuzi 60 isipotee kila unapotoka.