Tukimbie London kwa ajili ya utafiti wa usonji?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa na ana usonji. Mume wangu na shemeji wanataka kukimbia London Marathon kuchangisha fedha za utafiti, na binti yetu wa miaka 16 hataki kuachwa. Mama mkwe, aliye Mombasa, anauliza: utafiti utamfaa nini mjukuu wangu, si bora alipiwe mwalimu? Jamaa wa nyumbani nao wanataka kuchangia kwa M-Pesa. Tuanzie wapi?
Mama wa wawili, Leicester

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na mkweo, maana swali lake ndilo zito. Mwalimu mtoto anamhitaji leo, msimnyime. Lakini mwambie bibi kwamba miaka ya nyuma mama kama wewe ungeambiwa mtoto amekuwa hivi kwa sababu humpendi. Madaktari wakubwa waliyasema hayo, na wanawake wakayabeba. Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha wa Uingereza, wakaonyesha kwamba usonji una asili kubwa katika urithi. Mzigo ule ulianza kuwatoka akina mama kwa utafiti. Tena si jambo la Ulaya peke yake: Kilifi, karibu kabisa na kwa mkweo, watafiti wanachunguza usonji na kifafa kwa watoto wa Pwani.

Sasa chagueni mnamkimbilia nani. Ninaye mjukuu mwenye usonji na kifafa, najua usiku wake ulivyo, kwa hiyo nasema wazi: mimi simchangii anayetaka kuwafuta watu wenye usonji duniani. Namchangia anayechunguza kifafa, wasiwasi na usingizi wao. Liulizeni shirika liko upande gani kabla ya kununua viatu. Ulizieni Autistica, shirika la utafiti lililoanzishwa mwaka 2004 na Stephanie Shirley, ambaye mwanawe wa pekee, Giles, alikuwa na usonji na kifafa.

Nafasi ya kukimbia hupatikana kwa bahati nasibu, au kupitia shirika la hisani. Ukipewa na shirika, unaahidi kiasi, mara nyingi pauni 2,000 au zaidi kwa kila mkimbiaji. Wanaume wako wawili wajue ahadi hiyo kabla ya kutia saini. Binti hawezi, umri wa kuanzia ni miaka 18. Mtafutieni mbio za kilomita 10 zinazopokea umri wake, akimbie kwa shirika lilelile.

Kuhusu fedha, someni vizuri habari ya Gift Aid. Mlipa kodi wa Uingereza akitoa pauni moja, shirika hudai peni 25 zaidi kutoka serikalini. Michango ya M-Pesa ikusanyeni muiweke kwenye ukurasa wenu wa kuchangisha, lakini msiiombee Gift Aid kwa jina lako wala la mumeo. Si fedha yenu, na waliotoa hawalipi kodi Uingereza.

Na mwenyewe mtoto? Picha yake isiwekwe kwenye ukurasa kabla hajaulizwa, kwa njia yoyote anayowasiliana nayo. Siku ya mbio, Tower Bridge, daraja wanalopitia wakimbiaji, hujaa watu na kelele. Akitaka kwenda, mtafutieni sehemu yenye nafasi na vifaa vya kuziba sauti masikioni. Asipotaka, abaki nawe nyumbani, amfuatilie baba yake kwenye simu.