Mti wa kivuli kwenye joto na unyevu: pima maji kwanza

Mkuu, umeuliza mti gani wa kivuli unaokua haraka sehemu yenye joto na unyevu karibu mwaka mzima, halafu ukagusia kwamba mvua ikinyesha maji hutuama uani. Hilo la mwisho umelitaja kwa kupita tu, lakini mimi ndilo ningeanza nalo.

Nilianza na mwarobaini, kwa sababu kila mtu aliusifia kwa kuvumilia jua. Kweli, jua na ukame unavumilia, maji yaliyotuama hauyawezi. Miche mitatu ilishika vizuri, mvua zilipokolea ikaanza kunyauka. Nikadhani ina kiu, nikaongeza maji! Nilipong'oa mmoja, mizizi ilikuwa myeusi, ganda lake linabanduka vidoleni kama la kiazi kilichochemshwa, na inanuka tope bovu. Mizizi nayo huvuta hewa. Udongo ukijaa maji hewa hukosa nafasi, mizizi hufa, na mti hunyauka huku umesimama dimbwini.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kitaluni, chimba shimo la kina cha sentimita 50 hivi, lijaze maji, yaache yazame, kisha lijaze tena. Kama kesho yake bado yapo, achana na mwarobaini, na mparachichi pia, maana huo mizizi yake huoza upesi kuliko mingi.

Mahali pa namna hiyo panda mzambarau. Ndio niliouweka palepale ilipokufa ile mitatu, na hadi leo uko. Mti huu hausumbuki na udongo wenye maji, majani yapo mwaka mzima, na kivuli chake ni kizito hasa. Ila zambarau zikiiva hudondoka na kutia madoa, kwa hiyo uwe mbali na kamba ya nguo na maegesho. Ukiwa karibu na bahari, mkungu na mvinje huhimili upepo wa chumvi.

Wengi watakutajia mkrismasi, ule wa maua mekundu. Ni mzuri mno ukichanua, lakini mizizi yake hutambaa juujuu na kunyanyua sakafu, na matawi hukatika kwenye upepo mkali. Uwanja mpana, sawa. Kando ya ukuta, hapana. Mjakaranda unataka msimu mkavu ndipo uchanue vizuri. Kwenye unyevu usiokatika utavuna majani zaidi ya maua.

Kitaluni usivutiwe na urefu. Mche uliokaa sana kwenye kiriba mizizi yake huwa imejizungusha kama kamba, na ikinenepa hivyohivyo huja kuukaba mti wenyewe miaka mingi baadaye. Chagua mfupi wenye shina imara. Ukikuta mizizi imeanza kuzunguka, inyooshe au ikate kabla ya kupanda.

Usifukie shina: pale linapotanuka kuingia kwenye mizizi paonekane juu ya udongo. Kama maji yanakaa, panda juu ya tuta pana. Matandazo weka, lakini yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja, maana kwenye joto na unyevu gome lililofunikwa huoza.

Fanya hilo jaribio la shimo, uje utuambie maji yamechukua muda gani kuzama, na kutoka hapo hadi ukutani ni hatua ngapi.