Mustang ya 1967 iliyobadilishwa injini: niiuzeje?

SWALI: Naishi Houston, Marekani. Nimefufua Ford Mustang ya 1967. Injini yake, V8 (silinda nane) ya 289, yaani ujazo wa inchi 289 za mraba tatu, niliitoa nikaweka 302 yenye injekta, pamoja na breki za diski mbele. Je, nidai bei ya gari la orijino?

JIBU: Hapana. Anayesaka orijino hatalichukua, na gharama za injini mpya hazirudi zote. Mtafute anayetaka gari la kuendesha. Linganisha na Mustang zilizobadilishwa ambazo zimeshauzwa, si zinazotangazwa tu. Kama ile 289 bado unayo, itoe pamoja na gari, huwavuta wengi.

Mnunuzi mzoefu ataanza na namba ya chasisi, iliyogongwa kwenye ukingo wa ndani wa fenda, upande wa dereva, chini ya boneti. Herufi iliyo nafasi ya tano, ukihesabu na tarakimu, hutaja injini ya kiwandani: C ni 289 ya kabureta ya midomo miwili, A ya midomo minne, T ni silinda sita. Namba isipolingana na hati ya umiliki, usitangaze kwanza.

Halafu kutu, na hapa ndipo biashara nyingi huvunjika. Mustang hizi huoza ndani ya matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo, ambako fundi bodi hafiki bila kukata chuma. Inua zulia, mimina maji taratibu kwenye matundu, mwenzako amulike tochi chini ya dashibodi. Yakidondoka, rekebisha, au sema wazi kwenye tangazo na uweke picha.

Ukilipwa kwa hundi ya benki, nendeni pamoja benki iliyoitoa kabla hujasaini hati. Kisha itaarifu idara ya magari ya Texas kwamba umeuza.