Shemeji ni msimamizi wa mirathi, sasa anasema nyumba ni yake

Swali: Shikamoo wakili. Mume wangu alifariki mwaka jana, tulikuwa tunaishi mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, huku Sengerema. Tulikaa miaka tisa, tuna watoto watatu, ila hatukufunga ndoa kanisani wala bomani. Ukoo ulikaa, mimi sikuitwa, wakamchagua shemeji, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Sasa anasema nyumba, mtumbwi na mashine amepewa na mahakama, nami nikubali kurithiwa au nirudi kwetu. Kuna kijana pale nje ya mahakama anataka laki mbili aniandikie hati ya kiapo kwamba mali ni yangu. Nimpe? (Mjane, Sengerema)

Jibu: Marahaba dada, pole na msiba. Usimpe. Huyo kijana nitamrudia.

La kurithiwa ni fupi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mila iseme isemavyo, mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anakotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na amtakaye. La cheti nalo lisikunyime usingizi. Kifungu cha 160: mkikaa pamoja miaka miwili au zaidi, watu wakawajua kuwa mke na mume, mahakama inachukulia kuwa mmeoana mpaka anayepinga alete ushahidi. Wewe una miaka tisa, na mwalo mzima unakuita mama fulani. Apinge tuone.

Linalonichosha ni hili la msimamizi. Haipiti wiki sijamwona mtu ameshika barua ya usimamizi kana kwamba ni hati ya nyumba, na mjane pembeni ameamini. Barua ile imempa shemeji yako kazi: akusanye mali za marehemu, alipe madeni yake, awagawie warithi kinachobaki, kisha arudi mahakamani aeleze alichofanya. Orodha ya mali na hesabu zake anatakiwa azipeleke ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, labda mahakama imwongezee muda. Amezipeleka? Nenda kwa karani na namba ya shauri, omba kuliona jalada. Kama hakupeleka, au kajigawia mwenyewe, unayo haki ya kuomba mahakama ileile itengue uteuzi wake. Watu wanamaliza mwaka wakigombana uani kwa shemeji, na jalada linapigwa vumbi kabatini kwa karani.

Kikao cha ukoo, kwa taarifa yenu wote, si sharti la sheria. Mahakimu huupenda muhtasari wake kwa sababu unaonyesha ndugu wamekubaliana. Sasa kikao kilichomwacha mjane nje kilikubaliana na nani? Mwulize hakimu swali hilo, kwa maneno hayohayo.

Sitakudanganya kwamba njia ni nyeupe. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 bado limo vitabuni, nalo halimpi mjane fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Linamwachia atunzwe na watoto. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walilipinga hadi Mahakama ya Rufani wakakwama mwaka 2010. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema haki zao zimevunjwa. Kwa hiyo usiingie mahakamani ukiomba urithi tu. Dai jasho lako kwanza, litenganishwe na mali ya marehemu. Ile kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983 ilihusu talaka, lakini iliweka wazi kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya familia. Wewe una zaidi ya hizo. Beba daftari la VICOBA ulikokopea pesa za nyavu, risiti ya mashine, majina ya wanunuzi wako wa dagaa, na watu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, wanaojua mtumbwi ulianzaje. Na watoto wana haki yao: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake.

Akikwambia mila haiguswi, mkumbushe kwamba ni hapahapa Mwanza, Mahakama Kuu, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya alipokataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake.

Sasa kijana wako. Huyo ni kishoka, yaani wakili wa bandia. Hati ya kiapo ni maneno yako mwenyewe uliyoyaapia. Haihamishi hata ndoo. Ukiapa kwamba mali yote ni yako peke yako, umesema uongo chini ya kiapo na umempa shemeji silaha ya bure. Nimewahi kupokea mjane mwenye hati tatu za namna hiyo, kila moja inaipinga mwenzake, zote kalipia. Vishoka hawa wanawajua wanyonge wao: wajane, wazee wa visiwani wanaoweka dole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma, kiziwi aliyekuja bila mkalimani. Na wenyeviti wa vitongoji wanagonga mhuri bila kuuliza, kisha tunawakuta kwenye semina za haki za binadamu wamevaa fulana mpya.

Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na kwa asiye na uwezo msaada wao ni bure. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Anayejiita wakili mwombe jina kamili na namba ya uwakili, umtafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Huyo wa laki mbili mwombe leo. Atakumbuka ghafla kuna kitu amekisahau steshenari.