Ni kweli Waeskimo wanampa mgeni bibi yao?

SWALI: Yaya, jambo. Jana tumebishana sana na wenzangu wa chuo, mmoja anasema kule kwenye barafu mgeni akifika, mwenye nyumba anamwachia bibi yake alale naye, ati wazungu waliotembea kule ndio waliandika. Ni kweli ama wanatudanganya? (Msomaji wa Ndosho, Goma)

JIBU: Ndugu yangu, hiyo habari ni ya zamani sana. Mwaka 1749 Buffon, Mfaransa mtaalamu wa viumbe, aliandika kwamba watu wa kaskazini wanawatolea wageni bibi na mabinti zao na wanaona ni heshima kubwa, na yeye mwenyewe hakukanyaga kule hata siku moja, aliokota tu kwa vitabu vya wasafiri. Tena aliwachanganya Wasami wa Sweden na Norway na watu wa Greenland kama ni kabila moja, wakati bahari nzima iko katikati yao!

Sasa kwa Wainuit (Waeskimo unaowasema, watu wa Greenland, kaskazini ya Kanada na Alaska) kitu kilikuwepo, ila si hicho. Sehemu zingine familia mbili zinazojuana zilikuwa zinapatana kubadilishana bibi kwa muda, na watoto wao wanahesabiwa ndugu, basi ukisafiri mbali kuwinda unakuta kule una watu wako. Ule ni undugu wenye sheria zake, haukuwa wa kila mpita njia anayepiga hodi.

Kinachoniuma ni kwamba Wainuit wenyewe wakisema hawaaminiwi. Mwaka 1854 walimweleza John Rae, msafiri mpelelezi wa kule, jinsi watu wa Franklin, Mwingereza aliyepotea kwenye barafu ya kaskazini ya Kanada na meli mbili na watu 129, walikufa njaa mpaka wakakulana, wakamuuzia hata vijiko na uma za fedha za wale marehemu. Kule London mwandishi Charles Dickens akawaandika Wainuit kuwa ni washenzi waongo, pengine ndio waliwaua. Miaka ya 1990 mifupa ya wale marehemu ikapimwa, ikakutwa na alama za visu, kama Wainuit walivyosema kwamba walikulana. Meli nazo zikapatikana, moja 2014, ingine 2016, na habari za Wainuit ndizo zilisaidia kuonyesha pa kutafuta.

Mwenzako akitaka kusoma, aanze na vitabu vya msafiri Knud Rasmussen, alizaliwa Greenland 1879, lugha yao aliijua tangu utoto, na kati ya 1921 na 1924 alizunguka na mbwa wa kuvuta sleji mpaka Alaska akiwauliza wazee wenyewe.